Suala la Kodi ya Chumba: Kutoka Kihamba Hadi Mabogini

Katika semina moja ya itikadi tuliyoiendesha Moshi, mara baada ya somo la unyonyaji, kijana mmoja aliyekaa safu ya nyuma alisimama akauliza: "Ndugu Mkufunzi, mama mwenye nyumba wangu ana vyumba vinne pale Pasua. Ni mjane, anasomesha watoto kwa kodi yetu. Mimi napata riziki ya siku kwa siku, yeye anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Je, huyu mama ni mnyonyaji?" Darasa zima lilicheka. Tulimjibu upesi, kama mkufunzi anavyojibu akiona saa imekwisha, kwamba unyonyaji ni mfumo na wala si mtu. Jibu hilo si la uongo, lakini kijana yule aliondoka nalo bila kumfaa kitu, nasi tangu siku hiyo halijatupa raha. Makala haya ni jaribio la kumjibu upya, safari hii kwa njia ya historia.

Tuanzie mlimani. Kabla ya kahawa kuenea Kilimanjaro, mtu asiye na kihamba aliweza kuomba sehemu ya kihamba cha mwenzake. Alipanda migomba yake, na kila mwaka alimpelekea mwenye ardhi pombe, kuwa ni ishara ya kukiri kwamba ardhi ile si yake. Hiyo ilikuwa kodi, hata kama haikuitwa kodi. Lakini ilikuwa kodi nyepesi kwa sababu moja ya msingi: ardhi ilikuwa bado ipo, na aliyedaiwa kupita kiasi aliweza kuhama akaombe kwingine.

Mambo yalibadilishwa na mti wa kudumu. Wamisionari waliingiza kahawa katika miaka ya 1890. Wakulima Waafrika waliifanya zao lao hasa katika miaka ya 1920, wakaunda chama chao cha wapanda kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 ukazaliwa ushirika wa KNCU. Mbuni hukaa ardhini miaka mingi. Aliyeupanda katika ardhi ya kuombwa hakutaka tena kutoka, na mwenye ardhi, akiiona kahawa imestawi, hakutaka tena kuiacha. Wakati huo huo mkoloni Mjerumani, na baadaye Mwingereza, alikuwa amekwisha kuwagawia walowezi mashamba makubwa chini ya ukanda wa vihamba, na juu yake msitu ulikuwa umefungwa. Hivyo watu waliongezeka ilhali ardhi imebanwa juu na chini.

Kwa desturi, katika urithi wa kihamba walitangulia kufikiriwa mtoto wa kiume wa kwanza na wa mwisho. Wa katikati aliambiwa akajitafutie. Zamani maana yake ilikuwa akafyeke pori jipya. Pori lilipokwisha, maana yake ikawa ateremke. Tunathubutu kusema kwamba mtoto huyo wa katikati ndiye mzee wa ukoo wa wapangaji wote wa Moshi.

Chini alikuta mambo mawili. La kwanza ni mji, ambao reli kutoka Tanga iliufikia mwaka 1911. La pili ni shamba la miwa la TPC huko Arusha Chini, lililoanzishwa na Wadenishi katika miaka ya 1930. Kwenye shamba mfanyakazi aliishi katika kambi ya kampuni. Hakulipa kodi ya chumba kama mtu wa mjini, lakini aliyefukuzwa kazi alifukuzwa na nyumbani siku hiyo hiyo. Wako wazee wanaozisifu kambi zile kwa kuwa hazikuwa na dalali. Hatukubaliani nao. Paa linaloshikwa na mwajiri ni mnyororo, hata likiwa la bure.

Mjini kulijengwa nyumba ya Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, jiko na choo uani. Mwenye nyumba huchukua chumba kimoja au viwili, vinavyobaki hupangisha. Tunaomba msomaji aikumbuke nyumba hii, kwa maana sera zetu nyingi zilipita mbele ya mlango wake bila kubisha hodi.

Hatusemi kwamba Taifa lilikaa kimya. Mwaka 1958, katika kijitabu chake cha Mali ya Taifa, Mwalimu Nyerere alikwisha kuonya kwamba ardhi ikifanywa bidhaa ya kuuzwa huria, wenye fedha wataimaliza na wananchi watakuwa wapangaji katika nchi yao wenyewe. Baada ya Uhuru umiliki wa ardhi wa milele uliondolewa kwa sheria ya mwaka 1963, na Shirika la Nyumba la Taifa lilikwisha kuundwa mwaka 1962. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwezi Aprili 1971 yakataifishwa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Katika miji kama Moshi wapangaji wa ghorofa za katikati ya mji waliamka wakiwa na mwenye nyumba mpya, nayo ni Serikali.

Hapo ndipo penye fundisho, na katika masomo yetu tumezoea kupapita haraka. Sheria ya 1971 ililenga jengo kubwa, na ilikuwa na haki ya kufanya hivyo, kwa kuwa jengo kubwa ndilo lililokuwa ngome ya bepari wa mjini. Lakini kijana aliyeteremka kutoka Kibosho au Marangu hakuwahi kupanga ghorofa. Alipanga chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili ya Majengo au Njoro, ambayo thamani yake haikukaribia shilingi 100,000, na mwenye nyumba wake alikuwa tarishi, fundi cherehani, au mama muuza vitumbua. Sheria ya kudhibiti kodi, iliyotungwa upya mwaka 1984, iliwapa wapangaji Baraza la Nyumba la kukimbilia. Lakini ni mpangaji gani wa chumba kimoja, asiye na mkataba wa maandishi, angemshitaki mtu anayechota naye maji uani?

Ngome zenyewe baadaye zilibomolewa. Mwaka 1990 Msajili wa Majumba aliunganishwa na Shirika la Nyumba. Mwaka 1991 maamuzi ya Zanzibar yalilegeza masharti ya uongozi, na kiongozi akaruhusiwa kupangisha. Benki ya Nyumba ilifungwa mwaka 1995. Mwaka 2005 sheria ya kudhibiti kodi ikafutwa. Tangu hapo kodi ya chumba imekuwa ni maelewano kati ya watu wawili, ambao mmoja ana ufunguo na mwingine ana mizigo mlangoni. Kodi ya miezi sita au mwaka mzima kabla ya kuingia, na ya mwezi mmoja zaidi kwa dalali, imekuwa desturi. Kijana anayeanza kazi anatakiwa kuwa na akiba kabla ya mshahara wa kwanza. Hata wanafunzi wa chuo cha ushirika hapo Moshi, wanaosoma jinsi wakulima walivyowashinda madalali wa kahawa, huenda kwa dalali wa vyumba mmoja mmoja.

Sasa twende Mabogini. Manispaa ya Moshi ina eneo lisilofika kilomita za mraba 60. Sensa ya 2012 ilihesabu humo watu zaidi ya 184,000, ile ya 2022 zaidi ya 221,000. Juu kuna vihamba visivyogawanyika tena, kwa hiyo mji unashuka. Ukivuka Pasua kwenda kusini unaingia kata ya Mabogini, ambayo ni ya Halmashauri ya Wilaya na si ya Manispaa. Hapa ulikamilishwa mwaka 1987, kwa msaada wa Japani, mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi: zaidi ya hekta 1,000 za mpunga, zilizogawanywa katika majaruba ya hekta 0.3. Katika kata hiyo hiyo kijana hutafuta chumba kwa kuwa ni nafuu, na unafuu huo ni wa vumbi, wa matope wakati wa masika, na wa nauli ya bodaboda asubuhi na jioni. Akishakaa yeye, hufuata duka, umeme, na barabara. Kisha kodi hupanda. Yeye mwenyewe, kwa kuishi pale, ameipandisha thamani ardhi ambayo si yake, na malipo ya kazi hiyo ni kuambiwa ahame mbele zaidi. Mkulima naye huona kiwanja kinampa kwa siku moja kuliko mavuno ya misimu mingi, akauza.

Basi tunaweza kumjibu kijana wa semina. Mama wa vyumba vinne huuza sehemu ya jasho lake, maana matofali yale aliyafyatua yeye. Hilo ni haki yake. Lakini ndani ya kodi ile mna sehemu ya pili, ambayo hakuitolea jasho: bei ya mahali, iliyotengenezwa na reli, hospitali, vyuo, na maelfu ya wapangaji wenyewe. Sehemu hiyo ndiyo unyonyaji, na wala haimnufaishi yeye sana. Humnufaisha zaidi anayeshika viwanja vitupu akiungoja mji umfikie.

Na hapa hatuna budi kusema ukweli. Sisi tunaoandika haya tulinunua kiwanja Mabogini, kwa mkulima wa mpunga, tukajenga vyumba vitatu. Sheria inaturuhusu. Kodi tunaichukua kwa miezi sita.

Tulilipeleka jambo hili kwenye kikao cha tawi letu, tukapendekeza kwamba mwanachama mwenye vyumba apokee kodi kwa mwezi mmoja mmoja, na kwamba serikali ya kijiji iombwe isiidhinishe kiwanja ndani ya majaruba. Pendekezo la pili lilipita bila ubishi. La kwanza liliahirishwa. Wajumbe waliotaka liahirishwe wote wana vyumba, na hoja yao ni kwamba mpangaji wa mwezi mmoja hutoroka usiku. Mwezi huu tumeanza sisi na mpangaji wetu mmoja. Tawi litakutana tena baada ya mavuno.