Sauti Moja Yenye Watu Wengi

Mwaka 2001 ilitoka nchini Tanzania albamu iitwayo Machozi, Jasho na Damu. Mwenyewe alikuwa Joseph Haule, aliyezaliwa mwaka 1975, ambaye wasikilizaji walikwisha kumjua kwa jina la Nigger J katika kikundi cha Hard Blasters cha Dar es Salaam. Katika kazi hii ya kwanza ya peke yake alijulikana kwa jina la Professor Jay. Jina la awali liliazimwa kutoka mitaa ya Marekani, nalo lilikuwa tusi kabla ya kuwa lakabu. Jina la pili lilidai heshima ya mwalimu. Dai hilo halikuwa dogo, maana wakati ule wazazi wengi waliuhesabu muziki wa kufoka kuwa uhuni mtupu.

Hard Blasters walikuwa wamekwisha kuitengeneza njia. Albamu yao Funga Kazi, pamoja na wimbo wake Chemsha Bongo, ilionyesha ya kuwa Kiswahili kinaweza kuchukua mwendo wa kufoka bila ya kuegemea Kiingereza. Miaka kumi nyuma, Saleh Jabir alikuwa ametia maneno ya Kiswahili katika nyimbo za Wamarekani. Sasa midundo, hadithi na mawaidha yalitoka nyumbani. Hali ya nchi nayo ilisaidia. Vyama vingi viliruhusiwa mwaka 1992, sheria ya utangazaji ya 1993 ikafungua mlango wa redio za watu binafsi, na kanda zikauzwa Kariakoo na kusafiri hadi mikoani.

Aghalabu hudhaniwa ya kuwa msanii akitoka katika kikundi hupungukiwa na sauti. Katika kikundi mmoja huanza, mwingine hupokea, wa tatu hutia nguvu. Aliye peke yake hana wa kumpokea. Haule aliuziba upungufu huo kwa kuwaumba watu ndani ya wimbo. Katika Ndiyo Mzee msikilizaji huwekwa uwanjani penye mkutano wa kampeni. Mgombea hutoa ahadi zinazozidi kupaa, na kila ahadi umati huijibu kwa maneno yale yale mawili yaliyo jina la wimbo. Basi aliyebaki peke yake akawa na watu wengi kuliko alipokuwa na wenzake.

Ufundi huu si mgeni kwa Waswahili. Kujibizana ni desturi ya kale katika ushairi, na kiitikio ni mali ya ngoma tangu zamani. Lakini hapa kiitikio kimegeuzwa kuwa shtaka. Mgombea ni mwongo, walakini uongo wake haungefika mbali kama asingepata wa kuitikia. Kwa hiyo kejeli hukata pande mbili: humcheka anayeahidi, na humuuliza anayeitikia kwa nini ameitikia. Adabu ya kumwitikia mkubwa, ambayo nyumbani ni sifa njema, uwanjani huweza kuwa kitanzi.

Miaka ilipita, na historia ikamtahini mtunzi kwa mtihani wake mwenyewe. Mwaka 2015 Haule aligombea ubunge wa Mikumi kwa tiketi ya CHADEMA, akashinda. Mwaka 2020 akakikosa kiti hicho. Wako watakaosema ya kuwa aliyewacheka wagombea hakustahili kugombea. Hoja hiyo ni dhaifu. Mtunzi hakusema siasa ni uovu. Alisema ahadi isiyopimwa ni hatari kwa anayeitoa na kwa anayeipokea. Alipopanda jukwaani, kipimo hicho kilimhusu yeye kama kinavyowahusu wengine wote, na wapiga kura walikuwa wamekwisha kukijua kwa moyo.

Hapo ndipo ilipo thamani ya albamu ile kwa mwanafunzi wa fasihi. Haikungoja kuitwa ushairi ili itende kazi ya ushairi. Iliwapa vijana lugha ya kuwahoji wakubwa bila ya kuwatukana, na ikawakumbusha kwamba neno "ndiyo", likitamkwa na wengi pasipo kufikiri, huweza kuwagharimu miaka mitano.