Jicho Linalomulika: Safari ya Neno "Glare"

Nilipokuwa sekondari tulipewa kipande cha hadithi ya Kiingereza tukitafsiri. Ndani yake mwalimu mmoja anam-"glare" mwanafunzi aliyechelewa. Nikafungua kamusi, nikakuta maana ya kwanza: mwanga mkali unaoumiza macho. Basi nikaandika, "Mwalimu alimmulika mwanafunzi." Darasa zima lilicheka. Mwalimu wetu akafuta kwa wino mwekundu, juu yake akaandika, "Alimtolea macho." Jamani, niliona aibu! Lakini kadiri ninavyosoma historia ya neno hili, ndivyo ninavyoona kwamba sikupotea sana.

Neno "glare" lilianzia kwenye mwanga. Katika Kiingereza cha karne ya 13 lilimaanisha kung'aa sana, na wanaisimu huliweka katika ukoo mmoja na "glass", yaani kioo. Kiingereza cha kale zaidi kilikuwa na "glær", kwa maana ya kaharabu, ule utomvu wa miti uliogeuka jiwe. Kioo, kaharabu, mng'ao: mpaka hapo hakuna ugomvi. Halafu, karne moja tu baadaye, neno likahamia usoni. Mtu akikukazia macho kwa hasira, naye wakasema ana-"glare".

Kwa nini macho yapewe kitenzi cha jua? Hebu turudi nyuma kidogo. Wagiriki wengi wa kale waliamini kwamba jicho hutoa mwanga. Plato aliandika kuhusu moto mpole unaotoka machoni, na Euclid akajenga elimu yake ya kuona juu ya mistari inayoanzia jichoni kwenda kwenye kitu. Ukiamini hivyo, macho ya hasira ni taa kabisa, na anayekutazama anakupiga.

Aliyeivunja hoja hiyo ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyeandika Kitab al-Manazir huko Misri mwanzoni mwa karne ya 11. Ushahidi wake wa kwanza ni kitu ambacho hata mtoto anakijua: ukilitazama jua, macho yanauma. Sasa kama jicho ndilo linalorusha, mbona ndilo linaloumia? Mwanga unaingia, hautoki. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kilatini, kikachapwa Basel mwaka 1572. Kumbe ni "glare" yenyewe, ile ya jua, iliyotoa ushahidi dhidi ya "glare" ya macho.

Lakini lugha haikusikia. Katika Macbeth, mzimu wa Banquo unakaa kwenye karamu na kumkodolea mfalme macho, na Shakespeare anatumia neno hilihili kwa macho ambayo hayaoni tena. Hayapokei chochote, bado yanapiga! Na katika Julius Caesar, tamthilia aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, kuna simba anayemtazama mtu barabarani. Chapa ya mwaka 1623 ina "glazed", neno la kioo. Wahariri wa baadaye wakalibadili kuwa "glared". Herufi moja tu, na kioo kikageuka ghadhabu.

Na sisi je? Tusijione tumepona. Tunasema jua kali, taa kali, macho makali, na hata mbwa mkali, yote kwa sifa moja. Tunatupa jicho, tunapiga jicho. Husuda tunaiita kijicho. Na ule wino mwekundu wa mwalimu, "alimtolea macho", usome tena polepole: macho yanatoka, yanamwendea mtu. Ni mambo yaleyale ya Euclid, kwa Kiswahili safi.

Kwa hiyo mfasiri anayekutana na "glare" asichague kwa kamusi peke yake. Ya taa za gari ni mwanga mkali, ya mtu ni kukaza au kutoa macho, sawa. Ila ajue kwamba maana zote mbili zimetoka kwa aliyepigwa: mmoja na jua, mwingine na mkubwa wake. Ibn al-Haytham alikuwa na haki kuhusu mwanga. Kuhusu aibu, muulize mwanafunzi aliyesimama mlangoni huku darasa zima limemgeukia. Atakwambia kitu kilitoka kwenye yale macho, na kilimfikia.