Risasi Moja, Magazini Tofauti: Vile Gemu Inakudanganya

Wasee, tuanze na PUBG. Umetua, umeingia nyumba ya kwanza, umeokota SLR. Nyumba ya pili unapata magazini kubwa. Unaipachika, inakubali. Ukiacha SLR uchukue SKS, ile magazini inahamia huko. Ukichukua Mini 14 inaingia pia, na hiyo Mini 14 hata haitumii risasi moja na hizo mbili. Hakuna mtu huuliza swali.

Sasa ukweli. SKS halisi, ile Mrusi Simonov alibuni 1945, haina magazini ya kuchomoa. Kisanduku chake kimejengwa ndani ya bunduki, kinabeba risasi 10, na unazisukuma kwa juu zikiwa zimepangwa kwenye kipande cha chuma kinachoitwa klipu. Na SLR halisi? Hiyo magazini yake ilikuwa na drama ya serikali nzima.

Kwanza tuelewane. Bunduki ya nusu otomatiki inajipakia yenyewe, lakini ukivuta triga mara moja inatoka risasi moja tu. Ili ijipakie, risasi zingine lazima zikae mahali zikingoja, zikisukumwa na springi. Hapo ndipo magazini inafanya kazi. Kuna zile za ndani, kama ya SKS, au ya M1 Garand ambayo jeshi la Marekani lilichukua 1936. Garand unaingiza klipu nzima yenye risasi 8, na ya mwisho ikitoka, klipu inaruka nje na ule mlio wa "ping" mnaoujua kwenye filamu za vita. Halafu kuna zile za kuchomoa: ikiisha unatoa, unaweka nyingine, unaendelea. Hizi ndizo zilishinda kwa sababu ya kasi. Lakini ukishatenganisha kisanduku na bunduki, unajiletea swali jipya: hii inaingia wapi?

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, nchi za NATO ziliona ni ujinga kupigana upande mmoja kila mtu akiwa na risasi yake. Waingereza walikuwa na risasi yao ndogo ya milimita 7 na bunduki yake, EM-2. Serikali yao ikaipitisha 1951. Mwaka huo huo Churchill akarudi madarakani, akaitupa. Wamarekani walitaka risasi yenye nguvu zaidi, na walichotaka ndicho kilipita. 1954 NATO ikakubali risasi ya 7.62 kwa 51. Moja kwa wote. Makofi.

Shida ni kwamba walikubaliana kuhusu risasi. Kisanduku cha kuibeba, kila mtu alibaki na chake.

Wabelgiji wa FN walikuwa na bunduki inaitwa FAL, na nchi nyingi zikaipenda. Uingereza, Canada na Australia zikaichukua pia. Lakini michoro ya Wabelgiji ilikuwa ya milimita, na viwanda vya hawa wengine vilipima kwa inchi. Basi wakaichora upya. Ya Uingereza ikaitwa L1A1, na hiyo ndiyo SLR yetu ya kwenye gemu. Katika kuchora upya, vitu vidogo vikabadilika. Magazini ya milimita ina kipembe kidogo mbele cha kujishikilia. Ya inchi ina kipembe kikubwa. Kwa hivyo ya milimita inaingia kwenye SLR, ingawa inachezacheza. Ya inchi ukiipeleka kwenye FAL ya milimita, inakataa kabisa.

Hii unaijua, ni vile tu hujui kama unaijua. Chaja ya miguu miwili kwa soketi yetu ya mashimo matatu: kuna msee lazima atasukuma kalamu kwenye shimo la juu (tafadhali wacheni) na itaingia, legelege hivyo. Lakini plagi ya miguu mitatu kwa soketi ya mashimo mawili? Sahau.

Ikaja 1982, vita vya Falklands. Waingereza na SLR zao, Waargentina na FAL walizotengeneza kwao kwa leseni ya Ubelgiji, zao zikiwa na uwezo wa kumwaga risasi mfululizo. Maadui kabisa, lakini bunduki zao ni ndugu na risasi ni ile ile. Mwingereza akiokota magazini ya adui, ingemfaa. Muargentina akiokota ya Mwingereza, ameokota chuma tu.

Na Ujerumani Magharibi? Walinunua FAL, wakataka kuitengeneza kwao, Wabelgiji wakakataa. Wakageukia bunduki ya Uhispania, wakaiboresha, na 1959 wakaichukua rasmi kama G3. Hiyo G3 umeiona. Ni ile ndefu polisi wetu wamebeba miaka na miaka, hata pale nje ya benki. Risasi ni ile ya 1954. Magazini haiingii kwa FAL wala SLR.

Hapo ndipo hii story inanigusa. Sisi tulipata bendera 1963. Risasi ya G3 ilikuwa imeamuliwa miaka tisa kabla. Ile plagi ya miguu mitatu, Uingereza ilikuwa imeiamua 1947. Hakuna aliyetuuliza. Tunarithi uamuzi wa meza ambazo hatukuketi, pamoja na makosa yake.

NATO ilijaribu tena. 1980 ikaandika rasimu ya magazini moja ya risasi ya 5.56, wakifuata ile ya M16. Rasimu haikuwahi kuidhinishwa. Lakini nchi nyingi ziliifuata tu, hata Waingereza na SA80 yao ya 1985. Kile kilichosainiwa kiliacha shimo, na kile ambacho hakikusainiwa kikafanya kazi kwa sababu watu walikitumia.

Kwa hivyo siku nyingine ukiona wakubwa kwa TV wakishikana mikono wakisema wamekubaliana, usipige makofi haraka. Risasi wamekubaliana, sawa. Uliza kisanduku.