Mjumbe Aliyechaguliwa Mara Tatu

Kuna swali moja ambalo kila mtu akaaye katika nchi yenye uchaguzi hana budi kulifikiri: kiti cha mjumbe ni mali ya nani? Je, ni mali ya mjumbe mwenyewe, ama ya baraza analokwenda kuketi, ama ya watu waliompigia kura? Wengi wetu tutajibu upesi kwamba ni mali ya watu. Lakini jibu hilo ni jepesi siku za utulivu. Uzito wake huonekana siku ile watu wanapomchagua mtu ambaye wakubwa hawamtaki. Habari za Julian Bond wa Georgia, huko Marekani, zatufaa katika jambo hili, maana yeye alichaguliwa mara tatu kabla ya kukubaliwa kukalia kiti kimoja.

Yafaa kwanza, msomaji, uelewe namna nchi ile inavyotawaliwa. Marekani ni muungano wa majimbo 50, na kila jimbo lina gavana wake, mahakama zake na baraza lake la kutunga sheria, mbali na Bunge la nchi nzima lililoko Washington. Mabaraza hayo yana nguvu kupita mabaraza ya kaunti zetu yaliyoanza mwaka 2013, kwa kuwa hutunga sheria za jinai, za shule, za kazi na hata za uchaguzi wenyewe. Baraza la Georgia hukutana katika mji wa Atlanta, nalo lina sehemu mbili, yaani Baraza la Wawakilishi na Seneti.

Katika baraza hilo Wamarekani Weusi walikuwa na historia ya uchungu. Baada ya vita vilivyokomesha utumwa mwaka 1865, watu Weusi wa Georgia walipata haki ya kupiga kura, na mwaka 1868 wakapeleka wajumbe wao barazani, zaidi ya 30 kwa jumla. Mwezi wa Septemba mwaka uo huo wengi wao walifukuzwa. Hawakuwa wamefanya kosa lolote. Waliambiwa tu kwamba mtu Mweusi kuruhusiwa kupiga kura si sawasawa na kuruhusiwa kushika kiti. Serikali ya Washington iliwarudisha mwaka 1870, lakini miaka iliyofuata ilileta kodi za kupigia kura, mitihani ya kusoma iliyotungwa kwa hila, na vitisho vya usiku. Mwisho wake, tangu mwaka 1907 hadi mwaka 1965 hakuwako Mweusi hata mmoja katika Baraza la Wawakilishi la Georgia.

Julian Bond alizaliwa tarehe 14 Januari 1940 katika mji wa Nashville, jimbo la Tennessee. Babu yake, James Bond, alizaliwa katika utumwa huko Kentucky, akajitahidi mpaka akahitimu chuoni na kuwa mchungaji wa kanisa. Baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa mwanachuoni mashuhuri, na mwaka 1945 akawa Mweusi wa kwanza kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Lincoln katika jimbo la Pennsylvania, chuo kile kile walichosomea Nnamdi Azikiwe wa Nigeria na Kwame Nkrumah wa Ghana. Mama yake alikuwa mtunza vitabu katika maktaba. Basi kijana huyu alikulia kati ya vitabu na wageni wenye elimu.

Alipelekwa kusoma katika shule ya bweni ya watu wa madhehebu ya Marafiki, ambao pia huitwa Quaker. Wasomaji wa Vihiga na Kakamega wanawafahamu vyema, maana wamisionari wao walifika Kaimosi mwaka 1902. Marafiki hufundisha kwamba vita ni uovu, na mafundisho hayo yalikaa moyoni mwa Bond. Mwaka 1957 aliingia Chuo cha Morehouse, Atlanta, ambako baadaye alikuwa mmoja wa wanafunzi wachache waliofundishwa falsafa na Martin Luther King.

Mwezi wa Machi 1960, wanafunzi Weusi wa Atlanta walikwenda kuketi katika mikahawa iliyowahudumia Wazungu peke yao, wakakataa kuondoka. Bond aliongoza kikundi kilichoingia katika mkahawa wa jumba la serikali ya mji, akatiwa mbaroni. Mwezi uliofuata ikaundwa kamati ya wanafunzi wa majimbo ya kusini, iliyojulikana kwa kifupi kama SNCC, ya kupigania haki bila kutumia nguvu. Bond akawa msimamizi wa habari zake, hata akaacha masomo kwa miaka kadhaa kwa ajili ya kazi hiyo. Vijana hao walizitazama harakati za Afrika kama jambo la ndugu zao. Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru wetu, Oginga Odinga alipofika Atlanta, walimwendea hotelini kumsalimu, na mkutano ule ukatungiwa wimbo.

Sasa tuone jinsi mlango wa baraza ulivyofunguka. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na ndivyo walivyofanya wakubwa wa Georgia walipogawa viti. Kila kaunti, hata iwe ndogo namna gani, ilipewa mjumbe mmoja, na kaunti kubwa kabisa hazikupewa zaidi ya watatu. Kwa hesabu ya mwaka 1960, kaunti ya Fulton, ambamo sehemu kubwa ya Atlanta imo, ilikuwa na watu zaidi ya 550,000 na wajumbe 3. Kaunti ya Echols ilikuwa na watu wasiotimia 2,000 na mjumbe 1. Fanya hesabu mwenyewe, msomaji, uone kura ya mtu wa mjini ilikuwa na thamani gani ikilinganishwa na ya mtu wa shamba. Mwaka 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mabaraza yote ya majimbo lazima yagawe viti kulingana na idadi ya watu. Georgia ikalazimika kuchora mipaka mipya, na Atlanta ikapata viti vingi vipya, vingine vikiwa katika mitaa ya watu Weusi.

Bond alisimama katika eneo la 136 akiwa na umri wa miaka 25. Yeye na wenzake walikwenda nyumba hata nyumba, wakiwauliza watu wanataka nini. Watu wakasema habari za mishahara midogo, za nyumba mbovu, na za mitihani ya kusoma iliyowazuia kupiga kura. Katika uchaguzi wa Juni 1965 alipata asilimia 82 ya kura. Yeye pamoja na Weusi wengine waliochaguliwa wakati huo walikuwa wakifungua tena mlango uliofungwa miaka 58.

Lakini kabla hajaapishwa, jambo likatokea. Marekani ilikuwa vitani Vietnam. Tarehe 3 Januari 1966 kijana Mweusi aitwaye Sammy Younge, aliyekwisha kutumikia jeshi la wanamaji, alipigwa risasi akafa katika mji wa Tuskegee, Alabama, baada ya ugomvi juu ya choo cha Wazungu katika kituo cha petroli. Siku tatu baadaye kamati ya wanafunzi ikatoa tamko la kuipinga vita. Ilisema kwamba serikali haiwezi kudai kuwa inapigania uhuru wa watu wa mbali hali haiwalindi watu wake yenyewe, tena iliwaunga mkono vijana waliokataa kuandikishwa jeshini kwa lazima. Mwandishi wa habari alipomwuliza Bond kama anakubaliana na tamko hilo, alijibu kwamba anakubaliana nalo.

Hapo moto ukawaka. Wajumbe 75 walitia saini hati za kupinga asipewe kiti. Walisema kwamba maneno yake yanawasaidia maadui wa nchi, kwamba yanavunja sheria ya jeshi, na kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kuapa kwa moyo wa kweli kuitii katiba. Tusiwadharau wote kwa pamoja. Vijana wa Georgia walikuwa wakifa Vietnam, na wako waliosikia uchungu wa kweli. Lakini Bond hakukataa kuapa. Tarehe 10 Januari 1966 alifika barazani tayari kula kiapo, na karani akakataa kumwapisha. Wenzake walisimama wakaapa, yeye akabaki ameketi. Mbele ya kamati alieleza kwamba hajamshauri mtu yeyote kuchoma kadi yake ya jeshi, na kwamba kadi yake mwenyewe anayo mfukoni. Hakuyafuta maneno yake. Kura zikapigwa: 184 za kumkataa, 12 za kumkubali.

Ilikuwa rahisi kwa Bond kuomba radhi, naye angeketi siku ile ile. Watu wake walikuwa na shida za mishahara na nyumba, na mjumbe aliye nje ya mlango hawezi kutunga sheria. Waweza kujiuliza kama wewe ungefanyaje. Yeye aliona kwamba akikubali kupewa kiti kwa sharti la kunyamaza, basi waliompa kiti watakuwa ni wale wajumbe 184, wala si watu wa eneo la 136.

King alikatiza safari yake, akaongoza maandamano mpaka jengo la baraza, naye akaingia pamoja na Bond katika kesi waliyoifungua. Mahakama ya kwanza, yenye majaji watatu, iliwashinda kwa kura mbili dhidi ya moja. Wakati huo kiti kilikuwa kimetangazwa kuwa wazi, na uchaguzi mwingine ukaitishwa Februari 1966. Bond alisimama, hakuna aliyeshindana naye, akachaguliwa mara ya pili, akakataliwa tena. Novemba mwaka huo ukafika uchaguzi wa kawaida, naye akachaguliwa mara ya tatu. Watu wa mitaa ile maskini walikaa karibu mwaka mzima bila mjumbe wao barazani, na kila walipoulizwa walitoa jibu lile lile.

Tarehe 5 Desemba 1966 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu, na majaji wote 9 walikuwa na neno moja. Jaji Mkuu Earl Warren alieleza kwamba jimbo lina haki ya kumtaka mjumbe aape kuitii katiba, lakini wajumbe walio wengi hawana haki ya kukitumia kiapo hicho kuupima moyo wa mwenzao kwa sababu tu hawayapendi maoni yake. Raia wa kawaida angeweza kuyasema maneno yale bila kuadhibiwa. Na mjumbe, ambaye kazi yake ni kusema juu ya mambo ya nchi, hawezi kuwa na uhuru uliopungua ule wa raia. Januari 1967 Bond aliapishwa.

Aliketi katika Baraza la Wawakilishi mpaka mwaka 1975, kisha katika Seneti ya Georgia mpaka mwaka 1987, jumla ya miaka 20. Mwaka 1968, katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Chicago, jina lake lilitajwa kwa cheo cha makamu wa rais. Akajitoa, maana alikuwa na miaka 28 na katiba yataka 35.

Hata hivyo safari yake ya uchaguzi haikuisha kwa ushindi. Mwaka 1986 aligombea kiti cha Atlanta katika Bunge la Washington. Mshindani wake mkubwa alikuwa John Lewis, rafiki yake tangu siku za kamati ya wanafunzi. Katika kura za kwanza za chama Bond aliongoza kwa asilimia 47, lakini hakufikisha nusu. Na katika duru ya pili, mwezi wa Septemba, Lewis alishinda kwa asilimia 52 dhidi ya 48. Maneno makali yalisemwa katika kampeni ile, na urafiki ukaumia. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Bond akaondoka katika siasa za uchaguzi, akawa mwalimu wa historia katika vyuo vikuu, na tangu mwaka 1998 hadi 2010 akawa mwenyekiti wa halmashauri ya NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za watu Weusi. Alifariki tarehe 15 Agosti 2015.

Zilinganishe, msomaji, siku hizo mbili. Januari 1966 Bond alinyimwa kiti na wajumbe wenzake, naye akapigana mpaka akakipata. Septemba 1986 alinyimwa kiti na wapiga kura, naye hakwenda mahakamani. Wala hakuna kupingana hapo. Mara zote mbili kanuni ilikuwa moja: mwenye kiti ni mpiga kura, naye ana haki ya kukitoa na haki ya kukizuia. Nawe utakapotimiza miaka 18 na kushika karatasi ya kura mkononi, utakuwa mmoja wa wenye viti hivyo. Basi angalia unampa nani. Na ukiisha kumpa, usikubali mwingine amnyang'anye kwa sababu tu amesema neno ambalo wakubwa hawakupenda kulisikia.