Babu ameandikwa, bibi aliyelima hayumo

Mwulize mzee wa Kalenga, Mufindi au Tukuyu akutajie ukoo wake, naye atapanda nao hadi kwa babu wa babu: alitokea wapi, alipigana vita gani, kaburi lake liko chini ya mti upi. Kisha mwulize mama yake babu huyo aliitwa nani na shamba lake lilikuwa wapi. Mara nyingi utaambiwa tu kuwa alitoka Usangu, au Ubena, au Ugogo, na habari zake zinakomea hapo. Huyo asiye na jina ndiye aliyeulisha ukoo wote unaotajwa.

Kukosekana kwa jina lake kuna sababu. Katika karne ya 19 Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania zilikuwa uwanja wa vita vya Wahehe, Wasangu na Wangoni, na mateka walioletwa nyumbani wengi walikuwa wanawake na watoto. Mwanamke aliyetekwa alipewa mume, akapewa jembe, akazaa watoto wa ukoo wa mumewe. Wazazi wake hawakujulikana na mahari haikutolewa kwa mtu. Baadaye wakaja Wajerumani. Boma la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, la Kalenga lilianguka Oktoba 30, 1894, na kwa karibu miaka minne iliyofuata, hadi Mkwawa alipojiua Julai 19, 1898, vita viliendelea porini na vijijini. Tunasimulia risasi na mashujaa wa miaka hiyo. Aliyekuwa akitafuta mbegu za kupanda msimu uliofuata hatumsimulii.

Kwa bahati, wapo wachache waliosikilizwa. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na miaka michache baadaye wakafungua kituo Utengule, karibu na ulipo mji wa Mbeya leo. Huko Elise Kootz-Kretschmer, mke wa mmisionari, aliketi na wanawake wazee na kuandika maisha yao kama walivyoyasimulia wenyewe. Mmoja wao alikuwa Bibi Narwimba. Mumewe alipofariki, ilimbidi aombe mwenyewe aolewe na mpwa wa marehemu, maana mwanamke asiye na mwanamume wa kumkinga aliweza kuuzwa au kutolewa kama fidia. Alitekwa, akapoteza watu wake, akaishia uzeeni karibu na wamisionari. Mwanahistoria Marcia Wright aliyachapisha tena masimulizi hayo kwa Kiingereza katika kitabu chake cha 1993 kuhusu watumwa na wanawake wa eneo hili. Mtu wa Mbeya anayetaka kujua bibi yake mzaa bibi aliishije angeanzia hapo, na inasikitisha kwamba si kitabu kinachosomwa shuleni kwetu.

Serikali ya kikoloni nayo ilimwandika mke wa mkulima, lakini kama nyumba. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa na Wajerumani mwaka 1898, na mwenye wake watatu alikuwa na nyumba tatu za kulipia. Waingereza waliendeleza mtindo huo. Jina kwenye risiti lilikuwa la mume.

Kodi hiyohiyo ndiyo iliyomwondoa mume nyumbani. Vijana wa Ubena na Uhehe walikwenda manamba kwenye mkonge wa Tanga, wa Rungwe wakachimba dhahabu Lupa, Chunya, na wengine wakavuka mpaka hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na ya dhahabu ya Afrika Kusini. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, alikuta wanaume wakilima kwa jembe na wake wakipanda, wakipalilia na kuvuna. Mpangilio huo ulihitaji mwanamume awepo. Alipokuwa mgodini, mke alishika jembe, akapalilia, akavuna, na jioni akapika.

Iringa kazi yake ilikuwa na upande mwingine ambao wageni hawauoni upesi: kinyungu. Hiki ni kipande cha ardhi bondeni, chenye maji, kinacholimwa kiangazi wakati mashamba ya mlimani yamekauka. Udongo mzito hupinduliwa, mifereji midogo ikachimbwa kutoa maji yaliyozidi, kisha yakapandwa maharage, maboga, mboga na mahindi ya mapema. Mahindi ya mlimani hupandwa mvua za Novemba na kuvunwa kuanzia Juni. Januari na Februari kihenge kinakaribia kuwa tupu, na ndipo mahindi mabichi ya kinyungu yanapookoa watoto. Leo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Maji ya Mto Ruaha lazima yalindwe, sibishi. Lakini anayeambiwa aache kinyungu mara nyingi ni mama, na aonyeshwe pa kulima kwanza.

Mwaka 1974 operesheni ya vijiji ilihamisha kaya Iringa nzima. Nyumba zilisogezwa barabarani, mashamba yakabaki yalipokuwa, na mwendo ukaongezeka kwa yule aliyebeba mtoto mgongoni na mzigo kichwani. Mbegu bora na mbolea zilifika pia, na Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zikawa ghala la taifa. Mauzo yakaandikwa kwa jina la mkuu wa kaya.

Jambo lililomuumiza mke huyu kuliko jembe ni sheria ya urithi. Tamko la Sheria za Mila la 1963, kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, lilisema mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Atatunzwa na watoto wake. Basi mwanamke aliyelima shamba miaka 30 aliweza kuondoka na khanga zake. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilifungua mlango wa kugawana mali ndoa inapovunjika, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikampa mwanamke haki sawa ya kumiliki.

Haki hiyo ilikuja wakati wa shida. Utafiti wa 2007–08 ulikuta maambukizi ya VVU Iringa yamefikia asilimia 15.7, ya juu kuliko mikoa yote. Bibi waliokwishamaliza kulea walianza upya na wajukuu yatima, wakilima mashamba ambayo mashemeji waliyataka. Ndiyo maana naona hatimiliki za kimila zilizotolewa miaka ya karibuni katika vijiji vya Iringa na Mbeya, karibu nusu kwa wanawake, ni habari kubwa kuliko tunavyozitangaza.

Msomaji, kama bibi yako angali hai, nenda ukamwulize mama yake aliitwa nani, alitoka wapi na alilima wapi, uandike. Ukiwa hapo, omba kuiona hati ya shamba. Kama jina lake halimo, ongozana naye hadi ofisi ya kijiji.