Majani ya Kivulini

Mji wetu wa Songea unajulikana kwa mahindi na kwa vita. Nikikwambia nataka kuandika historia ya mimea ya kivulini, ile inayopandwa kwa uzuri wa majani yake, utaniuliza: kijana, umekosa la kuandika? Subiri kidogo. Mimea hiyo na vita vile vinakutana katika mwaka mmoja.

Huko Japani, Korea na China kuna mmea uitwao hosta. Watu hawaupandi kwa ajili ya ua bali jani: pana, lenye mishipa iliyojipanga, la kijani kibichi au lenye kingo nyeupe. Mwaka 1812 Leopold Trattinnick, mtaalamu wa mimea wa Austria, aliupa jina la mwenzake, Nicholas Thomas Host. Wazungu waliupenda kwa kuwa husitawi chini ya miti, mahali ambapo waridi hugoma. Lakini kwetu haufai. Hosta hudai majira ya baridi kali ili ilale, kisha ichipue upya. Baridi ya Songea ya Juni na Julai inatosha kututoa makamasi, bali kuulaza mmea huo haiwezi.

Basi tuutamanie nini, na wa kwetu upo? Zamioculcas zamiifolia, ambao wauza maua huuita ZZ, ni mwenyeji wa Afrika, kuanzia Kenya na Zanzibar mpaka Afrika Kusini. Majani yake hung'aa kama yamepakwa mafuta. Ardhini una shina nene kama kiazi, ndiyo ghala yake ya maji. Kwa hiyo huvumilia kiangazi na kivuli pia. Chomeka jani moja tu kwenye udongo wenye mchanga, usilizamishe kwa maji, uwe na subira ya miezi kadhaa: litafanya kiazi chake. Tangu miaka ya 1990 wakulima wa Uholanzi wameuzalisha na kuuuza dunia nzima. Nasi tunauona kwenye chungu cha hotelini, tunadhani ni mgeni kutoka Ulaya!

Na jina hilo gumu? Lilikamilishwa na Adolf Engler, mkuu wa bustani ya mimea ya Berlin, ambayo tangu 1891 ilikuwa na kituo maalumu cha mimea ya makoloni. Alilichapisha mwaka 1905.

1905, wenzangu! Mwezi wa saba mwaka huo, huko Nandete, Wamatumbi waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kuilima, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Mwezi wa tisa moto ulikwishafika Ungoni. Februari 27, 1906, wapiganaji zaidi ya sitini walinyongwa hapa Songea. Nduna Songea Mbano naye hakusalimika, alinyongwa vilevile. Kisha Wajerumani wakachoma mashamba na maghala, njaa ikamaliza kazi. Waliokufa kusini nzima wanakadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Sisemi Engler alimnyonga mtu. Nasema dola moja, katika mwaka mmoja, ilikuwa inaandika majina ya majani yetu huku ikifuta majina ya watu wetu.

Tazama pia ua la kivulini la Usambara. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga, alipeleka mbegu kwao. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akaliita Saintpaulia. Wasambaa, waliokuwa wakipita kando yake kila siku, hawamo katika jina hilo.

Nduna wetu amebakiwa na jina la mji. Kichwa chake, inavyoaminika, kilichukuliwa Ujerumani. Novemba 1, 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Makumbusho ya Maji Maji, akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kukitafuta.

Hapo ndipo ninapolikumbuka isale. Huo nao ni mmea wa majani, haujali kivuli cha migomba. Wachagga huupanda mipakani mwa vihamba. Aliyekosa humwendea aliyemkosea akiwa na jani la isale, naye aliyekosewa huona vigumu kumkatalia. Ni desturi nzuri. Lakini mimi naona jani hufungua mlango tu. Ukishakaribishwa ndani, kilichochukuliwa lazima kizungumzwe.

Sisi vijana wenye kalamu tuna kazi yetu. Muulize bibi yako: lile jani linaloota chini ya mwembe, kwa Kingoni linaitwaje? Kwa Kimatengo je, kwa Kiyao je? Andika. Usiposhika kalamu wewe, kesho utauziwa jani hilohilo kwenye chungu, lenye jina la mtu mwingine.