Wapiga Gitaa na Mfuko wa Wafiwa

Kabla gitaa halijafika Kombewa na nchi yote ya Seme, mwenye nyatiti ndiye aliyeitwa matangani. Chombo hicho kina nyuzi 8. Mpigaji huketi, hugonga ubao wake kwa pete ya chuma iliyo katika kidole gumba cha mguu, na njuga humlilia mguuni. Msikilizaji atakaye kujisifu hutoa sarafu, muziki ukanyamaza, naye akataja jina lake, ukoo wake na rafiki zake. Desturi hiyo huitwa pakruok.

Vijana wa benga walipotokea katika miaka ya 1960, miongoni mwao Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati mwaka 1940, waliirithi pamoja na milio ya nyuzi zile. Basi Ijumaa na Jumamosi bendi hupiga katika vilabu vya pombe kwa ajili ya riziki. Siku nyingine huitwa penye harambee au matanga, na huyu hutoa fedha wimbo ukatizwe, yule huongeza ili uendelee. Hata bahili hushindwa na sifa!

Baadaye mitambo ya disko iliingia mahali pa bendi, na mara kadhaa machifu wameikataza michezo hiyo ya usiku kwa sababu ya wasichana wanaodhuriwa gizani. Makatazo hayo twayaona ya haki. Lakini kutoka meza ile ile mjane alipata jeneza na chakula cha wageni. Kwa hiyo twaomba dansi ya msaada ifanywe mchana, na hesabu isomwe mbele ya wafiwa kabla wapigaji hawajalipwa.